MNYORORO UNALIA! UTIE MAFUTA GANI?

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuisikia sauti hii. Ni asubuhi na mapema, umande bado uko kwenye majani. Mtu anapita barabarani na baiskeli yake. Nyuma amefunga mikungu mitatu ya ndizi. Anakwenda sokoni Kasulu. Kabla hujamwona, unamsikia. Kwii, kwii, kwii! Mnyororo wa baiskeli unalia.

Mnyororo ukilia unaomba mafuta. Hilo kila mtu analijua. Lakini unaomba mafuta gani? Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Mmoja anachukua mawese jikoni. Mwingine anakwenda gereji kuomba oili chafu. Wa tatu ananunua dukani kopo la mafuta ya kupuliza. Anaipuliza baiskeli yote, tangu mnyororo mpaka rimu. Kisha anapanda na kuondoka, naye amefurahi kwa sababu kelele zimekwisha.

Huyu wa tatu yuko hatarini kuliko wenzake. Sababu yake tutaieleza hapa chini, tutakapofika kwenye breki.

MAFUTA YA KAZI GANI?

Ukienda kwa muuza duka mwenye kujua kazi yake, ukamwambia, "Ndugu, nipe mafuta ya baiskeli," atakuuliza, "Ya kazi gani?" Usikasirike. Anakusaidia. Mafuta ya kulegeza nati iliyoshikwa na kutu si mafuta ya kulainisha gololi zinazozunguka. Na mafuta ya kulainisha gololi si mafuta ya kulinda panga lisiote kutu ndani ya ghala.

Fikiri hivi. Nati iliyoota kutu imebana. Kati ya nati na bolti pana nafasi nyembamba kuliko unywele. Mafuta mazito hayawezi kupita hapo. Panatakiwa mafuta mepesi kama maji, yanayotambaa yenyewe na kupenya ndani. Lakini gololi za gurudumu ni jambo jingine. Hizo zinabeba uzito wa mtu na mzigo wake. Ukizitia mafuta mepesi, yatavuja na kukauka, chuma kitasaga chuma. Hapo panatakiwa girisi, ambayo ni nzito na hukaa mahali pake.

Kwa hiyo kabla hujatoa fedha mfukoni, jiulize kwanza: nataka kulegeza, nataka kulainisha, au nataka kukinga kutu? Na wakati mwingine jibu ni kwamba mahali hapo hapatakiwi mafuta hata tone moja.

KOPO LA KUPULIZA

Siku hizi makopo ya kupuliza yamefika hata kwenye maduka ya vijijini. Linalojulikana zaidi ni la WD-40, lenye rangi ya buluu na njano. Yapo na mengine mengi ya namna hiyo. Watu wengi wanadhani kopo hili ni dawa ya kila kitu. Tutazame lilikotoka.

Mafuta haya yalitengenezwa mwaka 1953 katika mji wa San Diego, nchini Marekani. Kampuni iliyoyatengeneza ilikuwa ndogo, ikiitwa Rocket Chemical. Walikuwa wakitafuta kitu cha kuzuia kutu kwenye vyombo vya kurushwa angani. Herufi W na D ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufukuza maji. Namba 40 imewekwa kwa sababu, kama kampuni inavyoeleza, walipata walichokitaka katika jaribio la 40. Mwaka 1958 makopo yakaanza kuuzwa madukani kwa watu wote.

Basi jina lenyewe linatuambia kazi yake. Hufukuza maji. Pikipiki ikilowa mvua ikakataa kuwaka, ukipuliza kidogo kwenye waya wa plagi, injini ikiwa imezimwa na imepoa, maji huondoka. Nati iliyobana kidogo hulegea. Uchafu na gundi ya mafuta ya zamani hutoka. Hizo ni kazi zake, naye huzifanya vizuri.

Lakini sehemu kubwa ya kilichomo ndani ya kopo ni majimaji mepesi yanayoruka hewani. Yakisharuka, mafuta yanayobaki ni utando mwembamba. Mnyororo wa baiskeli inayobeba gunia la maharage kutoka Makere hauwezi kutegemea utando huo kwa siku nyingi. Utanyamaza leo, na baada ya muda mfupi utalia tena. Utapuliza tena, utalia tena. Mwisho wa mwezi kopo limekwisha, na mnyororo umeliwa.

Tena kuna jambo baya zaidi. Ukiyapuliza mafuta haya ndani ya ekseli au kwenye gololi za kranki, yanaosha ile girisi iliyokuwa ikizilinda. Umelipa fedha zako ili kuharibu baiskeli yako.

NATI IMEKATAA KUFUNGUKA

Kama huna kopo, usihuzunike. Mafundi wengi hutumia mchanganyiko wa mafuta ya taa na oili safi ya injini, nusu kwa nusu. Mafuta ya taa huichukua oili na kuipitisha ndani ya kutu. Hata dizeli peke yake husaidia. Petroli usitumie. Mvuke wake hutambaa chini na kuufuata moto hata ulio mbali.

Fanya hivi. Kwanza sugua kutu ya juu kwa brashi ya waya. Kisha tia matone machache pale nati inapokutana na bolti. Gongagonga nati kwa nyundo ndogo, polepole, ili mafuta yapate njia. Halafu acha. Ndiyo, acha kabisa, nenda ukapalilie. Kosa kubwa la watu ni haraka. Anatia mafuta, dakika hiyo hiyo anavuta spana kwa nguvu zake zote, bolti inakatika. Nati iliyokaa na kutu miaka mitano haiwezi kusikia dawa kwa dakika mbili. Itie mafuta jioni, na asubuhi itie tena kabla ya kuifungua.

Unapoifungua, jaribu kwanza kuikaza kidogo, kisha ilegeze. Mwendo huo mdogo wa kwenda na kurudi huvunja kutu. Ikigoma, usilazimishe, rudia mafuta.

Mafundi wengine huipasha nati moto, kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka. Njia hiyo ni nzuri, lakini usiitumie mahali palipokwisha kutiwa mafuta ya taa au kupulizwa kopo. Patawaka moto mbele ya uso wako.

Hapa tuwakumbushe wenye baiskeli jambo moja. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Wengi wamepinda spana na kuilaumu kutu bure, kumbe walikuwa wanakaza. Njia rahisi ya kukumbuka ni hii: weka spana iwe juu ya ekseli ya pedali, kisha ivute kuelekea nyuma ya baiskeli. Kwa pedali zote mbili, ya kulia na ya kushoto, huko ndiko kufungua.

MNYORORO, VUMBI NA MVUA

Sasa turudi kwa yule mwenzetu mwenye ndizi.

Mnyororo wa baiskeli unataka mafuta ndani ya viungo vyake. Mafuta yaliyo nje hayana kazi. Tena yana hasara, kwa sababu hushika vumbi. Ninyi mnaokaa Kibondo na Kasulu mnalijua vumbi letu jekundu la kiangazi. Linaingia hadi kwenye sanduku lililofungwa. Vumbi hilo likichanganyika na mafuta kwenye mnyororo huwa kama msasa. Kila ukikanyaga pedali, unasaga meno ya sproketi.

Kwa hiyo panguza mnyororo kwanza kwa kitambaa kikavu. Kama ni mchafu sana, uoshe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uache ukauke. Kisha tia tone moja moja la oili kwenye kila kiungo, huku ukizungusha pedali kinyumenyume. Zungusha tena mara nyingi ili oili iingie. Mwisho, na hapa ndipo wengi wanapoacha, chukua kitambaa ufute mafuta yote ya nje. Mnyororo uliotiwa mafuta vizuri ukiugusa kwa kidole unaacha alama ndogo tu.

Oili gani? Wakati wa kiangazi, oili nyepesi kidogo inafaa, kama ile ya cherehani, nayo itiwe kidogo. Mvua zikianza, mwezi wa Oktoba au Novemba, matope na maji huosha oili nyepesi upesi. Hapo oili ya injini, kama SAE 40, ni bora. Ukinyeshewa njiani, kausha mnyororo, kisha utie tena mafuta siku hiyo hiyo.

Namba hizo za SAE zinaeleza uzito wa oili, na kila anayejua kusoma anaweza kuzitumia. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi. Oili ya injini ya 40 ni nzito kuliko ya 20. Lakini angalia usidanganyike. Oili ya giaboksi ina namba zake. Giaboksi 90 si nzito mara mbili ya injini 40. Zinakaribiana, kwa sababu vipimo vyake ni viwili tofauti. Muuza duka akikuambia, "Chukua hii ya 90, ni nzito sana," sasa unajua la kumjibu.

Na friwili je? Ile sauti ya tik, tik, tik unayoisikia ukiacha kukanyaga ni ya vijino vidogo vilivyomo ndani, vinavyosukumwa na springi nyembamba. Ukiijaza girisi nzito, vijino vinanata. Unakanyaga pedali nayo inazunguka bure, nawe uko katikati ya mlima na mzigo. Friwili inataka matone mawili au matatu ya oili nyepesi, basi. Girisi ipeleke kwenye gololi za magurudumu, za kranki na za usukani.

BREKI HAZITAKI MAFUTA

Tulisema tutarudi kwa yule aliyepuliza baiskeli nzima. Baiskeli nyingi za mizigo katika wilaya zetu, kama zile za Phoenix kutoka China, zina breki za fimbo. Ukivuta breki, raba mbili zinapanda na kubana rimu. Raba ikibana chuma kikavu, baiskeli inasimama. Raba ikibana chuma chenye mafuta, inateleza.

Kwenye tambarare utagundua mapema na utaweka mguu chini. Lakini nchi yetu si tambarare. Mtu anayeshuka miteremko ya Heru Juu akiwa na mikungu mitatu ya ndizi nyuma hana nafasi ya kujifunza. Uzito ule ukianza kumsukuma, miguu haiwezi kuuzuia. Mbele yake kuna watoto wanaokwenda shule, kuna mama mwenye ndoo ya maji kichwani, kuna lori linalopanda.

Kwa hiyo unapotia mafuta, shika kitambaa mkono wa pili ukinge rimu na raba. Kama ni kopo la kupuliza, tumia ule mrija mwembamba mwekundu unaokuja nalo, ili mafuta yaende mahali pamoja. Ikiwa mafuta yamegusa rimu, ioshe kwa sabuni na maji ya moto mpaka utelezi uishe, kisha ikaushe. Raba iliyolowa mafuta ibadilishe. Bei ya raba ni ndogo. Kisha jaribu breki mahali tambarare, bila mzigo, kabla hujaingia barabarani.

Mkanda wa mashine ya kusaga unga nao ni hivyo hivyo. Ukipiga kelele au ukiteleza, usiutie mafuta. Kaza mkanda au ubadilishe. Mashine iwe imezimwa kabisa unapofanya hivyo.

MAWESE NA KUFULI

Kigoma ni mkoa wa mawese, nasi tunayapenda. Lakini mahali pake ni kwenye chungu. Umeyaona yalivyoganda ndani ya chupa asubuhi ya baridi ya mwezi wa Juni au Julai. Sasa fikiri yameganda hivyo ndani ya kufuli la duka lako. Mafuta ya kula yakikaa hewani huchacha na kuwa kama gundi. Tena huita panya na mende. Mafuta ya alizeti, karanga na pamba yana tabia hiyo hiyo ya kunata.

Ukiwa na kufuli lililokwama, lioshe kwanza ndani. Tia mafuta ya taa kidogo kwenye tundu la ufunguo, au lipulize kopo, kisha ingiza na kutoa ufunguo mara nyingi. Lining'inize tundu likielekea chini ili uchafu utoke. Likikauka, chukua kalamu ya risasi ya mtoto wa shule. Chonga ile risasi nyeusi upate unga laini, upake kwenye ufunguo, uingize na kutoa. Unga huo hulainisha bila kunata, na vumbi haliushiki. Ni dawa ya bei ndogo kuliko zote tulizozitaja. Angalizo ni moja: usichanganye unga huo na oili, maana huwa tope. Chagua mojawapo.

Bawaba za mlango zinazolia zinatosheka na matone mawili ya oili. Lakini mlango wa mbao uliovimba kwa mvua, au droo iliyokaza, haitaki oili, kwa sababu oili huingia kwenye mbao na kuziharibu. Sugua nta ya nyuki. Ninyi wa Kibondo mnaorina asali mnayo nyumbani. Skrubu iliyosuguliwa nta pia huingia kwenye mninga bila kuvunjika kichwa.

Kuna mahali pamoja ambapo mafuta ya kula yana haki yake. Ni kwenye kisu cha jikoni na kila chombo kinachogusa chakula. Hapo usiweke oili ya mashine wala mafuta ya kupuliza. Paka mafuta ya kula kidogo, na kabla ya kutumia kioshe.

Jembe na panga, msimu ukiisha, osha udongo, kausha juani, kisha pitisha kitambaa chenye oili kidogo. Kutu ya miezi ya kiangazi inakula makali uliyoyanunua kwa fedha.

FUNDI CHEREHANI

Cherehani ina mashimo madogo ya kutia mafuta, nayo yanataka oili nyeupe ya cherehani tu. Tumewaona mafundi wakitia oili ya injini kwa sababu ile nyeupe imekwisha. Oili hiyo ni nzito kwa mashine ile, na ikidondoka kwenye kitenge cha mteja, doa halitoki. Mashine ikiwa nzito kwa sababu ya gundi ya mafuta ya zamani, tia matone ya mafuta ya taa kwenye mashimo, ondoa uzi, izungushe kwa dakika kadhaa, futa uchafu unaotoka, ndipo utie oili yake. Kisha shona kwanza kwenye kitambaa kibovu mpaka sindano itoke safi.

OILI CHAFU, NA CHUPA YA SODA

Wengi hutumia oili chafu ya gereji kwa sababu hutolewa bure. Jua kwamba weusi wake ni masizi na unga wa chuma uliosagika ndani ya injini. Ukiutia kwenye gololi, umezitilia msasa. Ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka mingi huleta magonjwa ya ngozi, na huhofiwa kuleta hata saratani. Usiipake mikononi, usiimwage mtoni wala karibu na kisima. Ukiigusa, nawa kwa sabuni.

Kopo la kupuliza lina vitu vinavyowaka. Maandishi yake mengi ni ya Kiingereza, lakini alama ya moto iliyochorwa juu yake inasomeka kwa lugha zote. Usipulize karibu na jiko, kibatari au sigara. Usiliache juani. Likiisha, usilitoboe wala usilitupe motoni, kwa kuwa hulipuka.

Na mwisho, mafuta yale ya taa uliyoyachanganya usiyaweke kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu haulizi. Weka kwenye chombo chenye kifuniko kigumu, andika juu yake MAFUTA YA TAA, na ukiweke juu asikokufika mtoto. Ikitokea mtoto ameyanywa, usimtapishe. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo yanapoua. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, na umpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama anaonekana mzima. Chukua na ile chupa, ili mganga aone alichokunywa.